Leo nimemtafsiria mama uongo

Leo nimemdanganya mama yangu mbele ya mzungu.

Huyo mzungu ni kocha wa mbio wa chuo kikubwa huko Amerika. Tangu mwaka jana amekuwa akiniambia ananitaka kwa timu yao. Hapa Kianjokoma kila mtu anajua naenda. Hata kanisani nimeshaombewa.

Asubuhi akapiga simu ya video. Nikamwita mama aache kuchuma majani chai, aje amsalimie.

Kocha hakutabasamu.

"Wanja, mimi nilikutaka. Lakini wanaochagua wanafunzi wameangalia alama zako za mtihani, wamekataa."

Na mimi nilidhani kocha akikutaka, umeingia. Kumbe hata yeye huomba tu.

Mama haelewi Kiingereza. "Amesema nini?"

"Anakusalimia. Anasema tungoje kidogo."

Mama akainamia simu, akamwambia kwa Kiembu, "Asante kwa kunitunzia mtoto."

Kocha akaniangalia, akingoja nimtafsirie.

Sikuweza. Nikakata simu.

Sasa mama amerudi shambani. Namsikia akiwaambia majirani niko karibu kuondoka.

Kama ni wewe, ungeanzia wapi kumwambia ukweli?