Ng'ombe wa Mama Furaha kwenye ukuta wa darasa

Ng'ombe anabaki kwa Papa Bahati. Chefu wa kijiji ametamka hivyo leo saa sita, hapa Kirolirwe, mbele yetu sote.

Mama Furaha, mjane wa mdogo wa Papa Bahati, alikuja na ushahidi kwamba ng'ombe ni wake: video ya harusi yake, iliyopigwa kwa simu ya zamani. Baba yake anamkabidhi ng'ombe huyo huyo, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Kwenye simu baka linaonekana. Nimeliona mwenyewe.

Lakini alitaka shemeji yake aaibike mbele ya watu. Akaazima projekta mpya ya parokia, ile ya HD, tukaziba madirisha ya darasa kwa maturubai.

Picha ndogo ya simu ilipokuzwa, ukuta mzima ukajaa miraba ya kahawia tu.

"Shemeji, hii iko ngombe ao iko godoro?" akauliza Papa Bahati.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Nami nilicheka. Ninyi mngejizuia?

"Chefu, angalia ku telefone! Baka iko!" akasema Mama Furaha.

"Mama, uliomba ukuta. Ni ukuta tumeangalia," akajibu chefu.

Simu hakuigusa.

Ng'ombe anachinjwa Alhamisi asubuhi, kwa ubatizo wa mjukuu wa Papa Bahati. Mama Furaha ameombwa alete sufuria kubwa.