Habari za Tumati

Mvua ilikuwa imekata mtandao wa simu, na sisi wachache wa Mbulu na Hanang wenye redio za mawasiliano majumbani tukaona siku hiyo inafaa zaidi kwa zoezi letu la dharura. Kila kituo kilipewa ajali ya kubuni ya kuripoti. Aliyeongoza alikuwa mwalimu mstaafu wa Masakta, na alikuwa na sheria moja: usiseme mpaka uitwe.

Mimi nilikuwa Katesh. Waya wa maikrofoni yangu ulikatika asubuhi ile, kwa hiyo niliweza kusikia tu.

Akaita Tumati. Aliitikia mama mmoja mfugaji, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Habari za Tumati?"

"Nzuri."

Akaachia kitufe. Ndivyo tulivyolelewa: kwanza unasema nzuri, unangoja uulizwe tena, ndipo useme "ila". Lakini kabla hajaachia, nyuma yake nilisikia watu wakiita machela, na mmoja akisema bibi anazidi kutoka damu. Ajali ya kubuni ya Tumati ilikuwa ghala kuungua. Humo hapakuwa na bibi.

Mwalimu, ambaye masikio yake yamechoka, alishukuru akaita Masieda. Yule wa Masieda, mtani wa kila mtu, akaripoti kwamba majeruhi wake amevunjika mguu lakini ugali wa nyumba nzima ameumaliza. Wakacheka. Nilibonyeza kitufe changu, nikabonyeza tena. Nikakimbia na waya kwa fundi. Alikuwa amefunga duka, amekwenda swala ya Ijumaa.

Niliporudi, zamu ya Tumati ilikuwa imefika tena na yule mama alikuwa anamaliza kueleza: mama yake mzazi amepigwa pembe na dume zizini. Mwenzetu wa Dongobesh, mwenye redio garini, aliondoka papo hapo.

Baadaye tukamsikia akiwa mtoni. "Maji yamefunika daraja," alisema. "Watu hapa wanasema yamepanda sasa hivi tu."

Hapakuwa na njia nyingine ya kufika Tumati, na sote tulilijua hilo.

Jioni mwalimu akaita kwa sauti ya chini.

"Habari za Tumati, binti yangu?"

"Nzuri, mwalimu." Safari hii hakuachia kitufe. "Ila mama ametutoka."