Jinsi Gitaa Lilivyotoka Katika Wimbo wa Mama

Kaka yangu aliacha kupiga gitaa kwa sababu yangu. Huko Naviundu, mtaani kwetu Lubumbashi, watu wana maelezo yao: wengine wanasema alichoka na mji, wengine wanasema mashamba ya mjomba yalimvuta, na wapo wanaosema alirogwa na wenzake. Nawaacha waseme. Mimi nilikuwepo, na vidole vilivyofanya kazi ile ni hivi vyangu.

Tulizaliwa wawili tu. Baba alikuwa mtu wa reli, aliyeteremka kutoka kaskazini mwa Katanga akiwa kijana. Treni zake zilikwenda mpakani, na kila safari alirudi na kanda za kaseti kutoka upande wa Zambia, kanda za roki, magitaa yanayogombana na kupatana ndani ya wimbo mmoja. Mama aliuita ule muziki kelele za karakana. Yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, alikua akiusikiliza kama watoto wengine wanavyosikiliza hadithi. Alipofika miaka kumi na tano alikuwa anapiga kila kitu kilichokuwa katika kanda zile, na alipofika ishirini alikuwa anapiga vitu ambavyo havikuwamo.

Alianzisha kundi na rafiki yake wa shuleni. Wao wawili walishika magitaa, na fundi mmoja wa kuchomea vyuma akapiga besi. Walikuwa na mpiga ngoma, na mwimbaji wao alikuwa mtoto wa Wakasai, mzaliwa wa Lubumbashi kama sisi, msomi, mwenye duka la vitenge mjini. Walifanya mazoezi kila Jumamosi mchana uani kwetu. Gitaa la Yaya liliuliza, la rafiki yake likajibu, na majirani walileta viti vyao wenyewe. Watu waliwaita wanaroki wa Kusini, kwa utani kidogo na kwa fahari kidogo.

Mama alipofariki, Yaya hakulia mbele ya watu. Siku ya nne ya kilio alitoka nje na gitaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na jiko, akapiga kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Wanawake waliokuwa wanasonga bukari waliacha miiko ndani ya sufuria. Ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa Mama. Maneno yalikuja baadaye, lakini mwanzo ulikuwa ule ule wa siku ile: gitaa peke yake, karibu dakika nzima, likipanda polepole, likifika mahali linakata kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu linaanza tena. Popote walipoupiga, watu walinyamaza hadi sauti ya mwimbaji ilipoingia.

Lakini watu hawaoi kwa nyimbo za kilio. Kundi liliishi kwa harusi, na harusi zilianza kupungua. Jumamosi moja mwimbaji alikuja uani na kinanda cha umeme kimefungwa kwa kitenge. Alikiweka juu ya meza, akatuambia alichokuwa anakisikia mjini.

"Vijana banacheza muziki ya simu," alisema. "Lakini harusi iko ya bazazi. Na bazazi banataka muziki ya wakati yao, ya années quatre-vingt. Ile muziki haiendeke bila klavye."

Alisema kweli. Baba na mama wa maharusi wa siku hizi walikuwa vijana katika miaka ya themanini, na wanachokumbuka ni zile sauti ndefu za vinanda, zinazong'aa na kuelea. Yaya alikizunguka kinanda, akabonyeza kitufe kimoja, akacheka.

"Nani atapiga?" fundi wa besi aliuliza.

"Mudogo wangu," Yaya alijibu. "Anapigaka ku kanisa kila siku ya Mungu. Mbona tutafute mbali?"

Ni yeye aliyeniingiza. Nataka hilo lijulikane, maana mimi nisingethubutu kuomba. Miaka yote nilikuwa nyuma ya nguzo ya kanisa, nikiongoza kwaya ambayo ilionekana wakati mimi sionekani. Siku ile Yaya alinivutia kiti, akasema, "Kaa hapa. Usiogope. Nitakufuata."

Harusi ya kwanza tulifanya katika ukumbi mmoja si mbali na katikati ya mji. Nilipoanza sauti zile za zamani, wazee wa kiume waliinuka na koti zao, wake zao wakavua viatu. Mwanamke mmoja alikuja akanifuta jasho kwa leso yake. Yaya alikuwa upande wangu wa kushoto, gitaa lake liko chini chini, linanifuata kama alivyoahidi, naye anacheka kuliko mtu yeyote. Nilifurahi. Siwezi kuandika kisa hiki kana kwamba nililazimishwa. Nilipenda kuonekana.

Baada ya hapo harusi zilirudi, na kila harusi ilichukua kitu. Kwanza nilipewa mianzo ya nyimbo, halafu yale majibu ya katikati. Rafiki wa Yaya alivumilia miezi michache, kisha akaweka gitaa lake ndani ya mfuko, akamwambia, "Bwana, unauliza, klavye inajibu mbele yangu. Mi nabaki kufanya nini?" Alikwenda Likasi kutafuta kazi. Mpiga ngoma naye aliondoka, kwa kuwa kinanda kilikuwa na ngoma ndani yake. Hakuna aliyefukuzwa. Kila mmoja aliona mwenyewe kwamba nafasi yake imejaa.

Yaya hakuondoka. Alijaribu kugeuka. Alinunua kifaa cha kukanyaga kwa mguu, cha kubadilisha sauti ya gitaa, na siku moja nilimkuta chumbani akikihangaikia jasho likimtoka. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anajaribu kulifanya gitaa lilie kama kinanda. Mtu yule ambaye majirani walimbebea viti.

"Sikiliza," aliniambia. "Inafanana kidogo?"

"Inafanana," nilidanganya.

Alikizima kile kifaa, akasema, "Nionyeshe vile unapangaka vidole." Tukakaa mezani, nikamwonyesha, naye akafuatisha kwa vidole vile vigumu ambavyo nyuzi zilikuwa zimevikausha ncha. Alichoka haraka. Nilimcheka, naye akacheka pia, nami sikuona kitu zaidi ya kaka na dada wanaocheka.

Halafu ukaja wakati wa kurekodi wimbo wa Mama. Mwimbaji alipata studio ndogo mjini, ghorofani, juu ya duka la vyombo. Yaya alirekodi mwanzo wake siku ya Jumanne. Aliupiga mara moja tu, akasema inatosha, akarudi nyumbani ameinua kichwa. Alhamisi mwimbaji aliniita niende peke yangu.

Fundi wa sauti, mtu mzima mwenye heshima, aliniwekea ile Jumanne masikioni. Ilikuwa nzuri kama siku ya ndoo. Ilipokwisha alisema gitaa linaukunja wimbo, linaurudisha nyuma, na kwamba ukianza na kinanda, redio zitaupokea. Mwimbaji hakuniangalia. Alisema, "Jaribu tu, mama. Tusikie."

Nilichagua sauti ya fidla nyingi, nikaupiga mwanzo wa Yaya, noti kwa noti, kwa sababu niliujua kuliko sala. Nilifika mahali pale gitaa linapokata, na kinanda hakikukata, kiliendelea kuelea hadi upande wa pili. Nilipoinua mikono machozi yalikuwa yananitoka. Nilidhani ni ya Mama.

"Sasa utamwambia we mwenyewe," mwimbaji alisema tukiwa kwenye ngazi. "Ni yaya yako. Mi nikimwambia, itamuumiza."

Nilisema nitamwambia.

Alhamisi nilifika nyumbani nikamkuta anatengeneza bawaba ya mlango kwa Baba, nikasema nimngoje amalize. Ijumaa alikuwa na furaha, akanipigia hesabu ya watu atakaowaalika kuusikiliza wimbo. Jumamosi alinunua kuku. Kila jioni tulikula pamoja, mimi, yeye na Baba, na kila nilipofungua mdomo nilitia tonge.

Jumapili baada ya misa mwimbaji alileta wimbo ndani ya simu na kisanduku cha kupaza sauti. Ua wetu ulijaa majirani, watu wa kwaya, wanawake waliokuwapo siku za kilio. Yaya alikaa mbele, karibu na Baba, mikono imelala magotini.

Wimbo ukaanza. Fidla zangu zikapanda juu ya ua wote.

Yaya hakushtuka. Aligeuza kichwa kidogo kama mtu anayengoja mwenzake apite ili naye aingie. Alidhani gitaa linakuja. Nilimwona anangoja. Sauti ya mwimbaji ilipoingia, akaelewa, akaniangalia. Hakuangalia uso wangu, aliangalia mikono yangu.

Watu walipiga makofi. Baba, ambaye umri umeanza kumwibia masikio, aliuliza kwa sauti kubwa, "Na gitaa iko wapi?"

Yaya alisimama. "Imetoka muzuri," alisema. "Kweli, imetoka muzuri sana." Akaingia ndani, akatoka na chupa za munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akawahudumia wageni wote kwa mikono yake, mpaka mimi.

Walipoondoka alinikuta nakunja mikeka.

"Ulijua?"

"Nilijua, Yaya."

"Tangu siku gani?"

"Tangu Alhamisi."

Alihesabu kwa kidole gumba juu ya vingine, polepole. "Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi." Halafu akasema, "Tulikula bukari sahani moja, mudogo wangu." Hakuwa na hasira. Ningepewa hasira ningejua la kufanya nayo.

Wiki ile ile alimpelekea rafiki yake gitaa kule Likasi, kisha akaenda Lukafu, kwa mjomba wetu, ndugu wa Mama, mwenye mashamba ya mahindi. Alimwambia Baba ni msimu mmoja tu. Mwimbaji alimpigia simu mara nyingi. Nadhani alikuwa anampenda kweli. Yaya alipokea kila mara, akamwuliza habari za watoto na za duka, akamtakia kazi njema.

Wimbo ulipendwa. Ulipigwa redioni, ulipigwa harusini watu wanapowakumbuka wazazi waliotangulia, na mimi niliupiga sijui mara ngapi. Niliacha mwaka uliofuata, siku bibi mmoja aliponikumbatia ukumbini akaniambia kwamba Mungu anibariki kwa wimbo niliomtungia mama yangu. Nilitaka kumwambia si mimi. Nilisema, "Asante, mama." Nilipofika nyumbani niliona kwamba hata hilo limenishinda, nikajitoa kundini. Walipata mpiga kinanda mwingine kabla wiki haijaisha.

Nilirudi studio. Nilikuwa na wazo: turekodi upya, gitaa lirudi mahali pake. Mwimbaji alikubali bila kusita, hata aliniambia halali vizuri tangu siku ile. Niliomba kusikia ile Jumanne. Fundi alitafuta, akatafuta tena, akanipa pole: alikuwa ameifuta ili kupata nafasi ya kazi nyingine. Nikawaomba wenye video za harusi za zamani katika simu zao. Walinitumia nyingi. Lakini watu huinua simu mwimbaji anapofungua mdomo. Katika zote hakuna hata moja yenye mwanzo.

Basi nikaenda Lukafu, wakati wa kiangazi, barabara ikiwa imekauka. Nilimkuta Yaya anapukuchua mahindi na mke wa mjomba. Amekonda, amepata rangi ya jua. Aliniandalia kiti, akauliza habari za miguu ya Baba, akacheka nilipomweleza Baba anavyogombana na daktari. Kwa saa nzima nilidhani nimempata.

Kisha nikamwomba msamaha. Nilisema yote, ngazi zile, na kila jioni ya zile tatu.

"Nilishakusamehe zamani," alisema. "Mbona unajitesa?"

"Basi rudi. Turekodi tena. Gitaa ikuwe mbele, vile ilikuwa. Bote banakubali."

Aliendelea kupukuchua. Nilitazama vidole vyake. Ncha zilikuwa laini sasa. Ugumu ulikuwa umehamia viganjani, mahali pa mpini wa jembe.

"Siwezi," alisema mwishowe. "Haiko kwa kukatala. Mwanzo sikumbuke tena. Nikiitafuta hapa," akagusa kichwa, "nasikia tu klavye yako. Asubuhi nikienda shamba, naanza kuimba, inakuya ile yako. Inafika pale pa kukata, haikate."

Nilitaka kumwimbia. Nazijua noti zote, ningeweza kuzitaja moja moja. Lakini kile alichokuwa anafanya kati ya noti, kule kuuvuta uzi hadi uombe huruma, kinanda hakina mahali pa kukiweka, na mimi nilijifunza wimbo kwa kinanda.

Mke wa mjomba aliinuka akaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Tulikula sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu, kila mtu na sahani yake. Asubuhi alinifungia gunia la unga mpya kwa ajili ya Baba, akalibeba begani hadi barabarani, akitangulia, mimi nyuma. Alipata mtu wa pikipiki, akalifunga gunia kwa mpira, akalivuta kuhakikisha. Alimwambia mtu wa pikipiki aende polepole kwenye mteremko.

"Salimia Baba," alisema. "Mwambie mahindi ya mwaka huu iko mingi."

Nikamwambia nitamwambia. Pikipiki ilikuwa haijawaka bado, naye alikuwa ameshageuka, anarudi shambani kwa mwendo wa mtu mwenye kazi.