Nepi za Uvuguvugu

Mwanangu alizaliwa mvua zikiwa zimechachamaa, na Tunduma mvua zikichachamaa nguo hazikauki. Unafua, unakamua mpaka viganja vinawaka, unaanika, jioni unaanua zikiwa na maji yaleyale na harufu ya ubichi juu yake. Kamba niliyoifunga kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya geti ilijaa nepi zilizoning'inia tu, na mimi nilizichukia kwa moyo wote. Mimi si mtu wa subira. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ndita, na sidhani kama alinisingizia.

Mama mkwe alikuja kutoka Hasamba kunisaidia uzazi. Ni mkulima wa kahawa, mwembamba, asiyekaa chini mpaka kila mtu ameshakula. Alishuka kwenye gari na tenga la mianzi kichwani, nikadhani limejaa ndizi. Lilikuwa tupu.

“Hili ni la nepi,” aliniambia.

Kwao tenga hufunikwa juu ya jiko la mkaa, nepi zinatandazwa juu yake, na mtoto anavalishwa nguo ingali moto. Watoto wake wote walikaushiwa hivyo. Kulikuwa na sheria ya pili, ambayo haikuwa na mjadala: nguo ya mtoto haikai nje jua likizama.

Sababu ya sheria hiyo niliijua tangu nilipokuwa mchumba. Mtoto wake wa kwanza, kaka wa mume wangu ambaye mume wangu hakuwahi kumwona, alilala mchana wa mvua na hakuamka. Hakuwa na homa, hakuharisha, hakukohoa. Jioni ya kuamkia siku hiyo nepi zake zilisahaulika kambani mpaka giza likaingia, na jirani mmoja, mwanamke asiyejaliwa mtoto, alionekana akizianua. Mwenyewe alisema alitaka kuziokoa na mvua. Nani wa kumsikiliza, watu wakishasema jicho lake la husuda ndilo lililomuua mtoto? Kabla ya mavuno alikuwa ameshahama, akaenda kuishi kwa kaka yake huko Igamba, na hadi leo watu wa ukoo wa mume wangu wakipita kwenye kiwanja alichokiacha hawageuzi shingo. Nilisimuliwa haya kwa sauti ya chini, nikaitikia kwa heshima. Sikuyaamini. Hata hivyo nepi zangu nilizianua mapema kama wengine, maana mtoto ni mtoto.

Mwanzoni jiko lilikaa barazani, mahali pa wazi. Upepo ukigeuka majivu yanaruka juu ya nepi, cheche moja ikatoboa sweta la mtoto, na mimi nikawa nalalamika asubuhi hadi jioni. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, anavuka mpaka kwenda Zambia na kurudi. Safari moja alirudi na kitu kimefungwa blanketi, kikubwa kama friji fupi. Alikinunua kwa familia iliyokuwa inahama huko Copperbelt. Ilikuwa mashine ya kukaushia nguo.

“Hapo umeme wote wa mwezi utaisha kwa nepi,” nilimwambia.

Alicheka, akanieleza kwa majivuno ya mtu aliyefundishwa jana yake. Mashine za zamani, alisema, zinachemsha hewa kama pasi kisha zinaitupa nje, na fedha yako inakwenda na ule mvuke. Hii ina pampu ya joto. Inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: joto lilelile linazunguka kwenye nguo, linatoa maji, linarudi tena kuzunguka. Haichomi kitu, haitoi moshi, haihitaji bomba la kutoboa ukuta. Maji yanashuka kwenye kidroo, unakwenda kumwaga.

Nilizichungulia uniti kwenye mita nikitaka kumkamata na uongo wake. Sikumkamata. Mashine ilinguruma taratibu sebuleni, ikachukua muda wake, lakini mita haikukimbia. Nepi zilitoka laini, lastiki za suruali za mtoto hazikulegea, sweta halikusinyaa. Ubichi ulitoka ukutani. Nje mvua inapiga mabati, ndani nakunja nguo kavu. Niliipenda ile mashine kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Mama mkwe hakuipenda. Aliyatazama yale maji ya kwenye kidroo kwa muda mrefu.

“Haya yametoka kwa mtoto,” alisema, akayabeba mwenyewe na kuyamwaga nyuma ya nyumba, kwenye shina la mgomba, mahali pasipokanyagwa. Kila siku alifanya hivyo. Kisha alichukua nepi moja, akaibana shavuni, akaing'ata pembeni kwa meno ya mbele kama anavyong'ata punje ya kahawa kujua kama imekauka.

“Mwanangu, hii bado haijaiva.”

“Imekauka, mama. Joto lake dogo, ndiyo maana haiunguzi nguo.”

“Kahawa ikitoka juani inachoma kiganja. Hii ni ya vuguvugu. Hii imechoka tu.”

Nikacheka. Nikamwambia pia, kwa ule ukali wangu, kwamba jiko sasa libaki huko uani kwenye kupikia, sitaki tena kuona nepi juu ya mkaa. Aliitika, “Haya, mwanangu,” akashika ndoo yake na kutoka.

Arobaini ilipoisha nilirudi kwenye kibanda changu cha vitenge karibu na mpaka. Kila asubuhi nilikamua maziwa, nikamwachia mama mkwe pamoja na mtoto, na jioni nikarudi mbio. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunitia hofu.

Mtoto alikuwa analala mno. Namkuta jioni amelegea, namtia titi mdomoni, ananyonya kidogo na kuliachia, macho nusu wazi. Usiku unavyosogea anachangamka, asubuhi mzima kabisa, jioni tena amelegea. Mama mkwe naye alianza kulalamika kichwa. Alifunga kitambaa akakaza, na siku nyingine nilimkuta ameshika ukuta, anasema nyumba inazunguka. Jumapili, wakishinda kanisani, walirudi wote wawili wachangamfu. Zahanati walimpima mtoto wakasema hana homa, nimnyonyeshe zaidi. Ningemnyonyesha vipi mtoto asiyetaka?

“Ni hii mashine,” mama mkwe alisema. “Inanyonya. Kama inanyonya maji, inashindwaje kunyonya pumzi?”

Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Niliinama nyuma ya mashine, nikainusa, nikapitisha kiganja kila upande. Hakukuwa na harufu wala moto. Siku iliyofuata niliichomoa kwenye umeme, nikaenda kazini nikiwa nimejiambia kwamba leo nitajua. Niliporudi jioni mtoto alikuwa amelala usingizi mzito kuliko siku zote, na ilibidi nimmwagie matone ya maji miguuni ndipo afumbue macho.

Basi si mashine. Niliirudisha kwenye umeme nikabaki na hofu yangu, na hofu isipopata pa kukaa inatafuta mtu. Jirani yetu wa mlango wa pili, mjane mtaratibu anayeuza maandazi, alikuwa amemsifia mwanangu siku ya kwanza alipomwona, akasema ana macho mazuri. Nikaanza kulikumbuka lile neno. Nikakumbuka kwamba aliwahi kuniokotea nepi iliyopeperuka hadi kwake. Alinisalimia asubuhi moja, nikajifanya natafuta ufunguo kwenye mkoba. Mimi na kidato changu cha sita.

Mama mkwe alikuwa ameshaona. “Huyo naye hana mtoto,” alisema.

Siku yenyewe mvua ilianza mapema na soko likadorora. Malori yalikuwa yamesimama foleni yote, madereva wamejifungia ndani. Mteja mmoja wa upande wa pili wa mpaka alikuwa anapapasa kitenge, akaniita mama kwa lugha ya kwao, “Bamayo, unalowa,” nikajua anasema mvua. Nikajitazama. Maziwa yalikuwa yameshuka, yamepenya hadi kwenye sweta, kabla kabisa ya saa yake. Kifua kiliniuma kwa namna ambayo sikuweza kukaa. Nilimwomba jirani wa kibanda anitazamie bidhaa, nikaondoka.

Nyumba ilikuwa kimya ila kwa ile mashine iliyokuwa inamalizia mzunguko wake. Nilipiga hodi, mama mkwe hakuitika. Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa, na chini yake, kwa ndani, palikuwa pamezibwa kwa kitenge. Niliusukuma kwa bega.

Joto lilinipiga usoni. Dirisha limefungwa. Katikati ya chumba kulikuwa na tenga, chini ya tenga jiko, mkaa umeiva mwekundu bila hata uzi wa moshi, na juu yake zimetandazwa nepi zilizotoka kwenye mashine. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda. Alinitazama, akataka kuinuka, miguu ikakataa. Mtoto alikuwa kitandani. Amelala vizuri, mikono juu, midomo imeiva, myekundu kuliko ninavyoijua.

Nilimnyakua nikatoka naye kwenye mvua, nikapiga kelele, sijui nilisema nini. Aliyekuja ni yule mjane wa maandazi, mikono imejaa unga. Hakuuliza. Aliingia ndani, akamburuta mama mkwe kwa makwapa hadi barazani, akarudi kumwagia jiko maji, kisha akakimbia barabarani kusimamisha bajaji. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, nampulizia mtoto usoni, mvua inampiga, na yeye ameniachia uzito wake wote. Nilimwomba Mungu bila adabu. Nilimwambia asithubutu.

Mtoto alitapika kwenye bajaji. Sijawahi kufurahia kitu kichafu namna ile. Hospitali walimwekea hewa ya oksijeni, yeye na bibi yake, kitanda kwa kitanda, na ilipofika jioni alilia, kilio cha hasira, cha mtu aliyezaliwa amekunja ndita. Nilikaa sakafuni nikalia naye.

Muuguzi, mama wa makamo, alikuja kukaa pembeni ya mama mkwe. Aliuliza kwa upole kama mkaa huwa unawashwa ndani kila siku.

“Nawasha nje,” mama mkwe alijibu. “Ukishaiva, moshi umekwisha, ndipo nauingiza. Mkwe wangu hataki jiko, na nguo za ile mashine hazina moto. Nilitaka zipate moto kidogo tu. Nikafunga mlango, mtoto asipigwe na upepo.”

Muuguzi alimweleza kwamba mkaa ulioiva ndio unaodanganya. Hewa yake mbaya haina harufu wala rangi, na chumba kikifungwa inamwingia mtu taratibu kama usingizi. Kichwa kinauma, unalegea, unalala.

Nilisubiri hasira yangu ije. Nilikuwa nayo ya kutosha, na nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini mama mkwe alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama muuguzi.

“Na mtoto akifa kwa hiyo hewa,” aliuliza, “anakuwaje?”

“Unamkuta amelala tu, bibi. Pengine midomo imeiva, unadhani ni mzima.”

Mama mkwe alivuta shuka hadi kidevuni. Muuguzi akaondoka. Nje mvua iliendelea, na yeye alikuwa anasogeza midomo, akiirudia siku ambayo mimi sikuwepo.

“Wa kwangu alikuwa hivyo,” alisema mwishoni. “Watu walisema amependeza. Nepi zilikuwa zimekaa nje hadi giza, zimelowa, nikasema nizikaushe haraka. Tenga lilikuwa hapo hapo chumbani, mwanangu. Nililisogeza mwenyewe ili waombolezaji wapate pa kukaa.”

Niliinuka sakafuni, nikakaa kitandani pake.

Tuliruhusiwa. Nyumbani nilimkuta yule mjane anapiga deki barazani, nikamwamkia kabla hajaniona. Mashine iko pale pale sebuleni. Mama mkwe huvuta nepi mwenyewe sasa, za uvuguvugu, anaibana moja shavuni, anaikunja. Maji ya kidroo anamwagia mchicha. Tenga alilikatakata kwa panga, akakataa hata kulitumia kama kuni. Kisha akaniambia nimpeleke Igamba, kwa yule jirani wake wa zamani.

Tulikwenda mume wangu aliporudi. Barabara ya ndani ilikuwa tope tupu, tukaacha gari na kutembea kati ya mibuni, mimi mbele na mtoto mgongoni, mama mkwe nyuma yangu akiburuza miguu. Nyumba ilikuwa ndogo, imefagiwa vizuri. Mwenyeji alitoka kwenye mlango wa jikoni anajifuta mikono, bibi mfupi mwenye mvi. Alimtambua mama mkwe papo hapo, nikaona mwili wake unakaza. Mama mkwe alipiga magoti kwenye lile tope.

Mtoto mgongoni mwangu akaguna. Yule bibi alishtuka, akageukia ukuta upesi na kufunika macho kwa kiganja, asije akamwona.

“Karibuni,” alisema, bado ametugeuzia mgongo.