Nilichora ramani ya gemu, watu wakaenda kuchimba sanduku kwa Bibi yangu Itetemia

Wakuu, salaam kwenu.

Hii imenikuta mimi mwenyewe hapa Tabora na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na viwanja kwa kompyuta. Jumamosi jioni huwa naendesha mchezo wa mezani na wenzangu. Kwa wasioujua: kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja anasimulia (ndiye mimi), na dadu zinaamua nani kapiga na nani kapigwa. Mapigano yanachezwa juu ya ramani kubwa yenye miraba ya inchi moja.

Ramani lazima ziwe mbili. Moja ya kuprinti, tunaitandika mezani sisi tulio Tabora. Nyingine ya online, maana mwenzetu Saidi alihamishiwa Kigoma kikazi na hatukutaka kumpoteza. Miraba ya kwenye simu yake na ya mezani isipolingana, yeye anajiona kajificha nyuma ya ukuta, sisi tunamwona yuko wazi anakula mishale. Tumeshanuniana sana kwa hilo.

Safari hii hadithi ilikuwa ya msafara wa zamani. Wapagazi wanatoka pwani kwenda Ujiji, wanapiga kambi hapa Unyanyembe, wanavamiwa. Nikahitaji ramani ya kambi, na uvivu ukaniponza.

Kwenye kompyuta nilikuwa na ramani ya kiwanja cha Bibi, kule Itetemia, niliyoipima mwenyewe tulipotaka kumjengea choo kipya. Nyumba, banda la kuku, uzio wa minyaa, hata nyumba ya jirani, kila kitu kipo. Nikaigeuza kambi. Kaburi la Babu lilikuwa kwenye layer yake peke yake, yaani tabaka la mchoro unaloweza kuliwasha au kulizima, nikaizima ili nipate uwanja wa kupigania. Pale palipobaki peupe nikaweka alama ya X na maneno: SANDUKU LA RUPIA, FUTI TANO CHINI.

Ijumaa nikapeleka faili steshenari. Ikatoka ndogo. Walikuwa wameweka karatasi ya saizi ya chini na mashine ikaiminya ramani iingie, mraba wa inchi moja ukawa kama robo tatu hivi. Nilimfokea dada wa pale, Mwajuma, mpaka leo naona aibu. Akaniprintia upya kwenye karatasi kubwa. Ile mbovu nikaiacha kaunta, nikaondoka na hasira zangu.

Nimefika nyumbani ndipo naona nimeprinti layer ya siri, ile yenye X, ambayo wachezaji hawatakiwi kuiona. Na chini pembeni kuna kile kiboksi cha kazini ambacho sikukitoa: Kiwanja cha Itetemia, jina la Bibi, skeli, imechorwa na mimi.

Nikaguna tu, nikasema wacha nikate kwa mkasi. Ile ya kaunta wala sikuikumbuka.

Sasa mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa. Hapa kila ukoo una mjomba aliyeuza ng'ombe kutafuta mali ya Mjerumani, ile inayosemekana walifukia wakati wa vita. Karatasi mbovu za steshenari ile huchukuliwa na mama muuza karanga wa hapo nje, anafungia karanga zake. Na mteja wake mmoja ni Mzee Mashaka, jirani wa Bibi, uzio kwa uzio.

Jumamosi saa nne asubuhi nipo napanga miraba ya Saidi online, Bibi akapiga simu.

"Nyamizi, watu wako wa vipimo wamefika. Mzee Mashaka kawaleta. Mbona hukuniambia?"

Nikamuuliza watu gani.

"Si hawa wenye ramani yako? Jina lako nimelisoma mwenyewe. Nimewapa viti, lakini hawakai, wanachimba."

Nilipanda bodaboda sijavaa hata viatu vya maana. Njia nzima nawaza kitu kimoja tu. Ile X niliiweka peupe, na pale ni peupe kwa sababu nimemtoa Babu.

Nilipofika, nikakuta shimo la kufika magotini kando ya banda la kuku. Kaburi la Babu lilikuwa mita sita tu mbele yake, mawe yake manne yapo, na ule msalaba wa mbao ulioanguka masika iliyopita. Halijaguswa.

Sikuelewa kwa nini wamechimba pale. Halafu nikaiona ile karatasi mkononi mwa Mzee Mashaka, ndiyo ile iliyominywa. Walipima inchi kwa inchi kwa skeli iliyoandikwa, na kwa kuwa ramani imepungua wakaishia njiani. Kosa nililomfokea Mwajuma ndilo lililomwokoa Babu.

Nikiwa nimejaa hasira hivyo hivyo ikabidi nianze na shikamoo. Mzee Mashaka akajibu marahaba, jembe mkononi.

Nikawaambia ni gemu. Hakuna aliyeniamini. Mzee Mashaka akasema wenye ramani za kweli siku zote husema hivyo.

Walikuwa watatu, na mmoja ni fundi ujenzi, mtu mkimya. Wakati tunabishana yeye alikuwa anapima ukuta wa nyumba kwa futi yake. Akarudi akaangalia karatasi.

"Hapa nyumba inakuja karibu mita saba. Ya kweli ni tisa. Hii karatasi imepunguzwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Yule fundi alikuwa anafanya hesabu ileile ninayoifanya mimi kila wiki kwa ajili ya Saidi, na anaijua. Akavuta futi kutoka kona ya nyumba, akalipita banda, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mawe manne. Akachomeka kijiti.

Bibi ndipo akaelewa. Hakupiga kelele. Alimwita tu Mzee Mashaka kwa jina, akamuuliza kama amesahau nani alishika upande wa miguu siku ile wanamshusha mumewe kaburini.

Mzee Mashaka akaangalia chini. "Sijasahau, shemeji. Ila Mjerumani alitangulia. Marehemu tulimlaza juu yake bila kujua."

Na jembe hakuliweka chini.

Nikatoa simu. Nikafungua ramani ya online, nikampigia Saidi, nikaweka sauti kubwa. Nikamwambia asogeze mhusika wake. Wote wakaona kiduara kinatembea kwenye uwanja wa Bibi, na mtu yuko Kigoma anaongea.

Fundi akasogea. Mzee Mashaka hakusogea.

Basi nikaweka kidole kwenye sanduku la rupia, nikaliburuta. Nikalivusha uzio wa minyaa, nikaliacha kwenye nyumba ya jirani.

"Mzee, sasa liko sebuleni kwako. Futi tano chini. Tuanze na sakafu?"

Wale wawili wakageuka wakamtazama Mzee Mashaka, na kwa muda nadhani walikuwa wanafikiria kweli. Fundi akakunja futi yake, akang'oa kijiti, akaanza kufukia shimo.

Walipoondoka nikadhani yameisha. Bibi akaomba aione ramani. Akavaa miwani, akapita na kidole nyumbani kwake, jikoni, bandani.

"Na Babu yako umemweka wapi?"

Nililia pale kama mtoto.

Jumatatu nilienda kumwomba Mwajuma msamaha. Msalaba tumeusimamisha upya, na fundi yule ndiye aliyechanganya zege. Mzee Mashaka bado anasalimia kwa mbali.

Gemu tulicheza wiki iliyofuata, ramani ileile, layer ya Babu nimeiwasha. Saidi akauliza kwa nini mhusika wake hawezi kukatiza pale katikati. Nikamwambia hapo amelala Babu yangu. Akamzungusha, hatua nne zaidi, akapigwa mshale njiani, na hakulalamika.

Kwa hiyo wewe unayechora chochote, kabla hujaprinti angalia umezima nini. Uwanja ni wenu sasa, na kama kwenu pia kuna mtu alishachimbiwa mali ya Mjerumani, leteni habari.