Joho la Wifi

Mimi na Mama Pindo tunagawana chumba kimoja cha biashara. Upande wa mlangoni yupo yeye na cherehani yake ya kanyagio, upande wa ndani nipo mimi na kiti changu cha kusukia nywele, na katikati kuna pazia lisilozuia chochote. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza haya niliyajuaje. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe huku analia, na mimi si mtu wa kuliliwa, hasa nikiwa na kichwa cha mteja mikononi.

Jina hilo alipewa kanisani. Hawezi kupishana na mtu ambaye pindo la sketi limeachia bila kumsimamisha, hata kama ni mke wa mchungaji, hata kama ni msibani. Anatoa sindano kwenye kola ya gauni lake, anapiga magoti hapo hapo na kushona, na ukijaribu kumshukuru anakuambia usimame wima. Huyo ndiye fundi aliyeshona majoho ya kwaya yetu tangu tulipokuwa tunaimbia kwenye darasa la kuazima. Na katika kwaya hiyo hiyo yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha. Mwalimu wa kwaya akiinua kidole, sauti ya kwanza kusikika ni ya Mama Pindo, sisi wengine tunafuata nyuma.

Basi mdogo wake wa kiume akaoa. Huyo bibi arusi, wifi yake Mama Pindo, ni mtu wa kucheka na kila mtu, tena ana sauti, jamani, tuseme ukweli, ana sauti ya kumfanya mzee wa kanisa asahau kusinzia. Alipotoka uzazini na kurudi mazoezini, mwalimu wa kwaya akampa aanzishe wimbo mkubwa wa siku ya kuvaa majoho mapya. Mama Pindo akasema sawa. Yule wifi, kwa nia njema kabisa, akamwambia mbele yetu kwamba ameimba miaka mingi, sasa apumzike. Nikamwona Mama Pindo anatabasamu kwa meno tu. Nikajua imemwingia.

Hapa lazima nieleze kazi yake kidogo. Kabla ya cherehani kupita, fundi hushikiza nguo kwa bandi, yaani nyuzi ndefu ndefu za mkono, za muda tu. Bandi za Mama Pindo siku zote ni za uzi mweupe, hata kitambaa kikiwa cheusi, ili zionekane na zisisahaulike. Majoho yetu yalikuwa ya bluu iliyoiva. Aliyashona yote kwa haraka, umeme unakuja unakatika, na joho la wifi likapita likiwa na ubavu mmoja wa bandi tupu. Hilo halikuwa kusudi. Fundi yeyote huweza kusahau.

Ila aliligundua. Jumamosi alikuwa anapiga pasi, akaligeuza joho ndani nje, akaziona zile nyuzi nyeupe zimejipanga kutoka kwapani hadi kiunoni. Cherehani ilikuwa hatua chache tu, bado haijafunikwa. Aliniambia alisimama pale na pasi mkononi mpaka akasikia harufu ya kitambaa kutaka kuungua. Akajiambia litashika. Akaligeuza tena, akalitundika pamoja na mengine, akafunika cherehani, akaniaga vizuri kabisa.

Jumapili wifi akaimba. Kanisa lilikuwa kimya, hata watoto. Kwenye ubeti wa mwisho akainua mikono yote miwili juu, na ubavu ukaachia wote kwa mpigo mmoja, shimizi nje. Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kanisani unakijua kilivyo, kikianza hakizuiliki. Mzee wa kanisa alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanamtikisika. Wifi akabana mkono ubavuni, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mwalimu wa kwaya akamgeukia Mama Pindo kwa macho, na Mama Pindo akaumalizia wimbo. Aliumalizia vizuri, na ndicho kilichokuja kumtesa baadaye.

Nje baada ya ibada hakuna aliyemgusa fundi. Mama Pindo na mshono mbovu ni vitu visivyokaa pamoja. Lawama yote ikaenda kwa mwili wa wifi: uzazi umemfumua, mume wake anamlisha kupita kiasi, alipopimwa alikuwa amebana pumzi. Walisema kwa utani, na utani wa waumini una meno. Mama Pindo alisimama katikati yao, mkoba begani, akawaacha waseme.

Wifi hakurudi kwaya. Baadaye hata ibadani akaacha kuja, akisema mtoto ana kikohozi. Alasiri moja akaja dukani na mfuko wa magauni yake yote, akataka yapanuliwe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasuka. Alikuwa amekonda, shingo imetoka, na nilijua kutoka kwa mumewe kwamba anakula mara moja kwa siku. Mama Pindo akachukua futi, akampima kifua, kiuno, nyonga. Wifi akauliza, kwa sauti ndogo, kama ameongezeka sana.

"Kidogo," akasema Mama Pindo.

Neno hilo moja. Wifi alipoondoka, Mama Pindo aliketi na yale magauni mapajani na mguu wake ukawa unakanyaga cherehani bila kitambaa. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema kichwa. Tangu siku hiyo hakai hasimami. Akawa anashona, anafumua, anashona tena. Akaanza kitambaa cha madhabahu, cheupe, cha kulitolea kanisa bure, na akakitia nakshi ambazo sijawahi kuona. Mimi na mdomo wangu nilimtania kwamba anataka kushonea mpaka malaika. Hakucheka. Sasa naelewa kwamba alikuwa anajaribu kulipa pasipodaiwa, maana aliyekuwa anamdai alikuwa nyumbani kwake na njaa.

Jumapili ya kukitoa kile kitambaa ilifika. Alikaa nacho upande wangu, amekikunja magotini, pasi imekikolea. Mchungaji akafundisha yale maneno ya Yesu kuhusu mtu anayeleta sadaka madhabahuni, kisha akiwa pale pale akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye: aiache sadaka, aende kwanza wakapatane. Ni fundisho tunalolijua wote, tumelisikia tangu tunanyonya. Nilikuwa nawaza chakula cha mchana. Mara nikaona Mama Pindo anakiweka kitambaa juu ya benchi, taratibu kama anamlaza mtoto, anasimama, anatoka. Nikadhani ni tumbo.

Alimkuta wifi uani anafua nguo za mtoto. Mumewe hakuwepo. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, lakini alipofika yakamkwama, akasema yote vile vile yalivyokuwa: bandi, pasi, cherehani iliyofunikwa. Wifi akakausha mikono kwenye kanga. Akaingia ndani, akatoka na lile joho, akaligeuza. Nyuzi nyeupe zilikuwa bado zinaning'inia. Alikuwa ameziona siku zote hizo. Hakuwa fundi, hakujua zinasema nini.

"Uliziona kabla sijavaa?"

"Niliziona, wifi."

"Na siku ile uliponipima?"

"Ulikuwa umepungua. Sana."

Mama Pindo anasema hapo ndipo alipotamani kupigwa. Wifi hakumpiga. Aliinama, akaendelea kufua, akasugua kinguo kimoja mpaka povu likaisha. Ndipo akasema bila kuinua kichwa: "Mimi nilichekwa mbele ya kanisa zima. Wewe unaniomba msamaha uani, na mtoto amelala."

Basi. Akakikamua kinguo, akakianika.

Sisi tulikuwa tumefika kwenye matangazo Mama Pindo aliporudi, gauni limelowa magotini. Kitambaa kilikuwa pale pale nilipokilinda. Mzee wa kanisa akafurahi, akamwita kwa mkono alete sadaka yake haraka maana muda umekwenda. Akaenda mbele mikono mitupu. Akageuka kututazama, akasema kwamba joho la wifi yake lilichanika kwa sababu halikushonwa, kwamba yeye alijua tangu Jumamosi akanyamaza kwa wivu, na kwamba alimdanganya amenenepa wakati anakonda. Sauti yake, ile tuliyoizoea kutuanzishia, ilikuwa imekwisha kabisa.

Mchungaji ni mtu mwema, hapendi mtu aaibike. Akanyanyuka haraka, akasema Bwana asifiwe, tumshukuru Mungu kwa ushuhuda huu. Watu wakaitikia amina kwa nafuu kubwa, wengine mikono imeshaanza kupiga makofi.

"Si ushuhuda," Mama Pindo akasema. "Nimemkosea mtu, na mtu mwenyewe hayupo hapa kunisikia."

Makofi yakafa. Nilitazama chini, na nikaona wengi wanatazama chini. Akaja akachukua kitambaa chake, akakiweka kwenye mkoba, akaenda nacho nyumbani. Alisema hakijawa sadaka bado.

Habari zilimfikia wifi kabla chakula cha mchana hakijaiva, unatujua. Lakini hakuja. Wateja walikuja wachache, na hao wachache walikuwa wanageuza nguo ndani nje mbele yake kabla ya kuzipokea. Mama Pindo aliwasubiri wamalize, mikono mapajani. Nilitaka kuwafukuza, yeye akanizuia. Kitambaa cheupe kilikaa kwenye rafu, kimefungwa kwenye karatasi, na kila akiinua macho kutoka kwenye cherehani kilikuwa pale.

Kisha alasiri moja wifi akaingia. Hakusalimia. Nilikuwa na wateja wawili, mmoja nusu kichwa, na wote walikuwa wanakwaya. Wifi akavuta pazia mpaka mwisho wa waya tukaonekana wote. Akatupa joho juu ya cherehani, akainua mikono.

"Nipime," akasema. "Sema kwa sauti."

Mama Pindo akashika futi. Akapima kifua akataja, kiuno akataja, nyonga akataja, na machozi yakawa yanamfika kidevuni bila kuyafuta, maana mikono yote ilikuwa kazini. Kila namba tuliisikia. Mteja wangu wa nusu kichwa, ambaye alikuwa hodari wa utani ule wa nje ya ibada, alishusha uso mpaka nikashindwa kumsuka.

Kisha fundi akaketi, akatoa bandi moja moja, akaingiza ubavu kwenye cherehani, akakanyaga. Wifi alisimama juu yake mpaka mwisho wa mshono. Akalichukua joho, akaushika ubavu kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote, nguvu za mtu ambaye hajala vizuri siku nyingi. Ukashika. Akauvuta tena, akautazama kwa karibu, halafu akalirudisha joho mezani.

"Pitia tena," akasema.

Mama Pindo akaupitia tena.