Miche Iliyopanga Mstari

Luciana wa Kasense hakuhitaji bwana shamba wa kumwonyesha mkaratusi. Kila baada ya mvua aliinama kwenye matuta yake ya mviringo, akachuma jani changa, akalifikicha vidoleni na kulinusa. Likinuka kama dawa ya kuchua kifua, mche uling'oka na mzizi wake. Mche wa mpera aliuacha.

Mikaratusi yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, Loth, kando ya mpaka wa mashamba yao. Tangu mumewe Luciana azikwe, Loth alikuwa na wimbo mmoja tu: "Iache ikue, shemeji. Upepo ndio umeileta, nani ashindane na upepo?"

Luciana aliguna. Ufipa nzima inajua kwamba mti ukishasimama, mwenye mti hudai na ardhi.

Jumamosi moja akakuta miche kumi na miwili katikati ya maharage yake, imenyooka kama wanafunzi kwenye paredi. Damu ikamchemka. Aliing'oa yote, akaitia kwenye ungo, akaenda nayo moja kwa moja kwenye sala ya jumuiya, ambayo siku hiyo ilikuwa nyumbani kwa Loth. Aliimba, akasali, akaitikia amina. Yalipofika matangazo, akasimama na kumwaga ungo mzima miguuni pa mwenye nyumba.

"Nimekurudishia miche yako, shemeji. Na huo upepo wako, ukija tena kwangu na kamba ya kupimia, utanikuta na jembe."